Mifuko ya Mama na Jiko la Pili



Ndugu msomaji, tunapozungumza juu ya amani ya familia huwa tunataja mambo makubwa: ulevi, uzinzi, ugomvi wa mashamba, urithi. Ni kweli, hayo yanavunja nyumba. Lakini nyumba nyingi ninazozifahamu haziishi na mambo hayo kila siku. Kila siku zinaishi na kifuniko cha dumu kilichopotea, kandambili moja iliyobaki bila mwenzake, na kiberiti kilichorudishwa mahali pake kikiwa hakina njiti hata moja. Hizo ndizo kero. Hakuna anayezipeleka kwenye kitubio, wala kwa mwenyekiti wa mtaa, wala kwa paroko. Kwa sababu hiyo hukaa ndani ya nyumba muda mrefu kuliko mambo makubwa, maana hayo makubwa angalau huitiwa kikao.

Nyumbani kwetu ni Kawajense, katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Baba alishatangulia mbele ya haki. Nyumba aliyoijenga ina vyumba vitatu na sebule, na jiko liko nje, limeezekwa bati kuukuu. Humo anaishi mama, kaka yangu mkubwa ambaye ni fundi ujenzi, shemeji yangu, na watoto wao watatu ambao mimi ni baba yao mdogo. Likizo ndefu ya mwezi Juni ikifika, nami naongezeka. Ni wakati ambao mpunga umeshavunwa, viroba vya mchele vimejaa sebuleni, upepo wa kiangazi unaleta vumbi jekundu mpaka kwenye kikombe cha chai, na kila mtu anamkanyaga mwenzake.

Nikizihesabu kero za nyumba yetu nitajaza daftari. Umeme wa LUKU huisha saa mbili usiku, na kila mtu mzima ana hakika kwamba mara ya mwisho aliyenunua ni yeye. Kisu cha jikoni hugeuzwa bisibisi na kaka, kisha shemeji anakatia nyanya kwa ncha iliyopinda. Watoto huacha kipande cha sabuni ndani ya beseni la maji mpaka kinakuwa uji. Sufuria zipo saba na mifuniko ni minne, na hakuna anayekumbuka mifuniko mingine ilikwenda wapi. Chaja ya simu ni moja kwa simu tatu. Mlango wa choo hufungwa kwa kamba, na anayetoka husahau kuifunga, hivyo kuku huingia. Hata moja kati ya hizi haitoshi kumkasirisha mtu mzima mwenye akili timamu. Zikija tano kabla ya saa mbili asubuhi, mtu huyo huyo anaweza kumfokea mtoto kwa kosa la kupiga chafya.

Lakini kero kubwa kuliko zote kwetu ilikuwa mifuko.

Mama hatupi mfuko. Ukitoka sokoni na mfuko wa kitambaa, ule wa rangi ya bluu au nyekundu tunaouita mfuko mbadala, anaupokea, anautoa vitu, anaukung'uta, anaukunja mara nne na kuuweka. Nyuma ya mlango wa jiko kuna msumari, na kwenye msumari ule ulitundikwa mfuko mkubwa uliojaa mifuko. Chini ya godoro lake kulikuwa na mifuko ya kaki iliyonyooshwa. Juu ya kabati lilikaa shangazi kaja kuukuu, limejaa viroba vya unga na sukari vilivyooshwa. Hata vile vifuko vya nailoni vinavyofungiwa chumvi na karanga, mama huviosha na kuvianika kwenye kamba ya nguo, vikaninginia kama soksi za watoto.

Na kila mfuko una kazi yake. Mfuko wa kaki huwashia moto wa mkaa au kuhifadhi mbegu za maboga. Kiroba kikichanuliwa huanikiwa dagaa, na kikibaki kizima hubeba mchele wa kumpelekea ndugu. Kifuko cha nailoni hutunza kadi za kliniki za wajukuu zisilowe mvua ya Januari. Mfuko mbadala uliopasuka mpini hushonwa, na usioshoneka tena hugeuka kitambaa cha kushikia sufuria ya moto. Ukimwuliza kwa nini anatunza mfuko wenye tundu, atakujibu, "Baba, tundu si limekaa upande mmoja tu?"

Shemeji naye ana upande wake, na ni wa haki. Kila akifungua mlango wa jiko, mfuko ule mkubwa humpiga begani na nusu ya vilivyomo huanguka chini. Mende wamefanya makazi humo. Ulipoingizwa mfuko mmoja uliobebea migebuka kutoka Ikola bila kuoshwa vizuri, jiko zima lilinuka siku tatu. Mwaka uliotangulia panya alizalia ndani ya lile shangazi kaja. Yeye ndiye anayefagia na kupika humo mara tatu kwa siku, na kila kitu anachokiweka mahali kinahamishwa ili mfuko upate nafasi.

Kabla sijaeleza yaliyotokea, ni vema kuitazama mifuko yenyewe, kwa maana ina historia inayozidi jiko letu.

Wasomaji wenye umri wa miaka ishirini na kuendelea wanaikumbuka rambo. Ndiyo mifuko myepesi ya plastiki tuliyopewa bure na kila muuza duka, hata kwa pipi mbili. Ilijaa kwenye mitaro, ikanasa kwenye michongoma, ikaliwa na mbuzi na ng'ombe. Sisi watoto tuliifunga kwa kamba ikawa mpira wa chandimu, na huenda hiyo ndiyo kazi yake njema kuliko zote. Zanzibar ilikuwa imeshaipiga marufuku tangu mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Kwetu Tanzania Bara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitoa tangazo bungeni Aprili 2019, na tarehe 1 Juni mwaka huo marufuku ikaanza. Aliyekutwa akiutumia alikabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi siku saba jela. Wiki ile watu walitoka sokoni wakibeba nyanya kwenye khanga na kwenye kofia. Vikapu vya ukili vilivyokuwa vimesahaulika vikarudi mjini kwa heshima.

Ndipo ikaja mifuko mbadala. Shirika la Viwango, yaani TBS, liliweka sharti kwamba uzito wake usipungue gramu 70 kwa kila mita moja ya mraba, ili uwe imara na utumike mara nyingi. Wengi hatujui kwamba mfuko huu unaoonekana kama kitambaa nao umetengenezwa kwa aina ya plastiki, iitwayo polipropilini. Faida yake haitokani na kuwa kitambaa, inatokana na kurudiwa kutumika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 na Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikokotoa kwamba mfuko wa namna hii lazima utumike mara 11 ili madhara yake kwa hali ya hewa yasizidi yale ya rambo moja iliyotumika mara moja na kutupwa. Mfuko wa karatasi ulihitaji mara 3, na wa pamba mara 131. Maana yake, mtu anayenunua mfuko mbadala wa shilingi mia kadhaa kila anapokwenda sokoni, kisha akautupa, hajaisaidia dunia kwa lolote. Anayeutumia mara 11 na zaidi ni yule anayeukunja na kuutunza nyuma ya mlango.

Jambo jingine lilinishangaza nilipolisoma. Aliyebuni mfuko wa plastiki wenye mipini tunaoujua alikuwa mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, na kampuni yake ilipata hataza ya Marekani mwaka 1965. Mwanawe ameeleza kwamba baba yake alidhani mfuko huo ungepunguza ukataji wa miti kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na mmoja ameukunja mfukoni, akiutumia tena na tena. Wazo la kuutumia mara moja na kuutupa lingemshangaza. Niliposimulia habari hii jikoni, mama alisema, "Huyo mzungu alilelewa vizuri." Shemeji akasema, "Yeye alikunja mmoja, mama. Mmoja."

Mwezi ule mama alisafiri kwenda Karema kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Alikaa siku tatu. Shemeji akatumia nafasi hiyo kusafisha jiko. Alipaka chokaa ukutani, akasugua masizi, akatoa kila kitu nje. Mifuko ya nyuma ya mlango na lile shangazi kaja akavipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, akavichoma. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, na jirani akaanua nguo zake akiguna.

Mama alirudi Alhamisi jioni. Alisalimia watoto, akawagawia dagaa aliowaletea, akaenda jikoni kunawa. Akasimama mlangoni akiutazama msumari.

"Mifuko yangu iko wapi?"

"Nimechoma, mama. Ilikuwa na panya."

"Asante."

Hakusema neno jingine. Aliyelelewa na mama yangu anajua kwamba akifoka, mambo yataisha kabla ya chakula cha usiku. Akisema asante namna ile, hayaishi.

Ijumaa asubuhi alikwenda sokoni akarudi na jiko dogo la mkaa, jipya. Akaliweka nyuma ya chumba chake, akaliwasha, akabandika sufuria yake mwenyewe.

Pengine wako wasomaji ambao kwao hilo ni jambo dogo. Kwetu ni jambo zito. Nyumba moja kuwa na majiko mawili, wakati mama mkwe na mkamwana wote wazima na chakula ni kilekile, ni kutangaza kwamba ndani hamna tena nyumba moja. Kinachofuata huwa ni akiba mbili za unga, kisha malango mawili, kisha mama mzazi kupangishiwa chumba mbali na wajukuu zake, au ndoa kwenda kusuluhishwa kwa wazazi wa upande wa mke. Nimeona yote hayo katika mtaa wetu huu huu. Kaka alipoona moshi wa pili alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ya dharura upande wa pili wa mji. Watoto hawakujua wale wapi, hivyo wakala mara mbili. Jirani yule yule aliyeanua nguo akauliza kwa sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Naona moshi huku na huku, mna shughuli?"

Kwa hiyo tulipofikia hapo, jambo lililokuwa hatarini lilikuwa kubwa kuliko mifuko. Ndoa ya kaka ilikuwa hatarini, na mahali pa mama katika nyumba aliyosaidia kuijenga kwa mikono yake.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu kuipokea Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Katika jumuiya yetu kuna mama mzee mgonjwa anayeishi peke yake, na kila familia hupeleka kidogo: kilo ya mchele, maharage, sukari, sabuni. Nyumba inayopokea sala ndiyo inayokusanya vitu hivyo na kuvifungasha. Ijumaa jioni shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake mabakuli ya nafaka zilizokwisha kuletwa na majirani, na hakuwa na cha kufungia hata kimoja. Duka la jirani lilikuwa na mifuko ya kununua. Angeweza kumtuma mtoto. Badala yake alinyanyuka, akaenda mpaka nyuma ya chumba cha mama, akasimama karibu na lile jiko jipya.

"Mama, bado una mifuko?"

Mama hakuinua kichwa. "Unaitaka mingapi?"

"Kama kumi na miwili."

Mama aliingia chumbani, akainua godoro, akatoka na mifuko ya kaki kumi na miwili. Aliihesabu mbele yake. Kisha wakakaa wote wawili kwenye mkeka wakaanza kufungasha, na baada ya muda mrefu wa kimya wakaanza kusema. Mimi nilikuwa nachota maji kwenye pipa, hatua chache kutoka hapo, na sikuona sababu ya kuondoka.

Shemeji alianza. "Mama, mimi sina ugomvi na mifuko. Miaka minane nimekaa humu, na hakuna kitu nilichokiweka mahali nikakikuta palepale. Kwetu Tabora tulikuwa watoto sita kwenye chumba kimoja cha kupanga. Nguo zetu zilikaa kwenye maboksi juu ya vichwa vyetu tukilala. Niliapa nikipata jiko langu, nitaona ukuta."

Mama akamjibu taratibu. "Wewe uliapa kuona ukuta. Mimi nilikua wakati ambao hata cha kuweka kwenye huo ukuta hakikuwepo."

Akaeleza miaka ile baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zilipoadimika nchi nzima. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, mafuta ya taa kwa foleni. Chupa tupu ilikuwa mali, kwa maana ukienda kununua mafuta bila chupa, unarudi bila mafuta. Mwaka 1983 ukaja msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa porini usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. "Nilimwona mama yangu akifua gunia ili amfunikie mdogo wangu," alisema. "Sasa mtu akichoma kiroba kizima mbele yangu, naona moto unamchoma yule mtoto."

Shemeji aliweka chini kikombe alichokuwa anapimia mchele. "Hukuwahi kutuambia, mama."

"Ningewaambia vipi? Kwamba natunza mifuko kwa sababu ya njaa ya zamani? Mngecheka."

Sikutoa mahubiri yoyote jioni ile, wala hakuna aliyeniomba. Mama huniita Frateri mbele ya watu, na jikoni huniita baba na kunituma maji. Nilipeleka maji.

Jumamosi jumuiya ilikuja. Wakati wa sala tulifika kwenye Baba Yetu, pale tunapoomba kusamehewa kama tunavyosamehe. Nilikumbuka jambo tulilofundishwa juu ya Mtakatifu Benedikto. Katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6, aliagiza kwamba asubuhi na jioni mkubwa wa nyumba aisali sala hiyo kwa sauti, wote wakisikia, kwa sababu watu wanaoishi pamoja huotewa na miiba ya magomvi kila siku. Benedikto aliona miiba hiyo kuwa jambo la kawaida la watu wanaokula pamoja. Hakungoja kuona kama itaota, aliweka dawa yake kwenye ratiba. Huyo huyo aliagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare, na anayemaliza zamu ya jikoni arudishe vyombo vikiwa safi na vizima. Mtu anayeandika hivyo bila shaka alishawahi kutafuta mfuniko wa sufuria asiuone.

Sisi tulioko seminarini tusidhani kwamba tumeyaacha haya nyumbani. Bwenini kuna anayeazima ndoo na kuirudisha na matope. Kuna anayeamka saa kumi alfajiri na kupekua mfuko wenye makelele. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24 na akatangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997, aliandika wazi juu ya mtawa aliyemsumbua kwa makelele madogo wakati wa tafakari, na juu ya mwingine aliyemrushia maji machafu usoni walipokuwa wakifua pamoja. Hakudai kwamba hayakumuudhi. Alieleza jinsi hamu ya kugeuka na kumtazama mwenzake kwa ukali ilivyokuwa kubwa, na jinsi alivyojizuia. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alimtaja Theresia huyu huyu alipozungumza juu ya matendo madogo ya upendo ya kila siku. Katika waraka huo huo alihesabu kutumia tena kitu badala ya kukitupa upesi kuwa tendo linaloweza kuwa la upendo. Mama hajausoma waraka ule. Lakini shemeji naye yumo ndani yake, kwa kuwa dunia inayotunzwa ni nyumba ya pamoja, na nyumba ya pamoja haitunzwi kwa kumnyima mwenzako mahali pa kusimama.

Kutokana na hayo ninayo mambo matatu ya kukushirikisha, ndugu msomaji.

Kwanza, kero inayojirudia iulizwe maana yake kabla ya kupigwa vita. Kiberiti kisicho na njiti ni uzembe tu, kinamalizwa kwa kumwambia mtu. Lakini mtu mzima anaposhikilia jambo dogo kwa nguvu kubwa, iwe ni mifuko, kiti fulani au ufunguo wa kabati, mara nyingi ameshikilia jambo jingine lililo chini yake. Mama alishikilia njaa ya zamani, shemeji alishikilia ukuta wake. Hawakuwa na jambo moja la kugombania, kila mmoja alikuwa na lake.

Pili, mali ya mwenzako haichomwi akiwa safarini, hata kama ni takataka machoni pako. Na aliye nyumbani siku zote asichoshwe na mali isiyo na mpaka. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Anayehimiza la kwanza tu anamwonea mkamwana, na anayehimiza la pili tu anamwonea mama.

Tatu, amani ya nyumba inahitaji pia misumari na mbao. Kaka aliporudi kutoka kwenye ile kazi yake ya dharura, alitengeneza sanduku la mbao lenye mfuniko, akaliweka nje ya jiko chini ya bati. Makubaliano ni kwamba mifuko yote inakaa humo, imeoshwa na kukaushwa, na sanduku likijaa mama mwenyewe ndiye anayechagua ya kutoka. Inayotoka haichomwi. Hupelekwa kwa mama mmoja auzaye dagaa sokoni, ambaye huwafungia wateja wasio na mfuko. Nyuma ya mlango wa jiko umebaki msumari mtupu, na mlango unafunguka mpaka mwisho.

Mambo mengine hayakubadilika. Sabuni bado inayeyuka kwenye beseni. LUKU bado inaisha saa mbili usiku, na kaka bado anageuza kisu kuwa bisibisi, isipokuwa sasa shemeji amekificha kimoja mahali asipopajua mtu. Lile jiko dogo la mkaa halikurudishwa sokoni. Siku za wageni mama hulileta jikoni na kulitumia kuchemshia chai, huku shemeji akipika wali kwenye jiko kubwa, nao hugombana juu ya kiasi cha chumvi kwa sauti ambayo jirani anaisikia vizuri.

Niliporudi seminarini Septemba, mama alinifungia karanga na asali kwenye mfuko mbadala wa bluu uliokuwa umeshonwa mpini mara mbili. Shemeji alinisindikiza mpaka barabarani. Alipoukabidhi mfuko ule mkononi mwangu alinong'ona kama anayetoa siri ya nyumba: "Shemeji, mifuko ya kaki bado iko chini ya godoro. Nimeiona nilipotandika. Usimwambie kama najua. Na huu wa bluu usiusahau huko kwenu, mama atauuliza Desemba."